Kwa Nini Skrini Mpya Huonyesha Picha Hafifu?

Soko kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla ya hapo Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mashine hizo, chache mno wakati ule, zilitunzwa katika ofisi kubwa tu. Leo, katika mitaa ya Aggrey, Msimbazi na Uhuru, kompyuta mpakato, skrini na nyaya za kuziunganisha huuzwa jirani na vitenge na masufuria. Mnunuzi haombi kibali cha mtu yeyote. Lakini jukumu la kujua anachokinunua limebaki juu yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa upimaji ardhi aliyepewa kazi ya kuchora mifereji na nyumba za Bonde la Jangwani, ambalo hufurika kila Mto Msimbazi unapojaa. Kazi ya namna hii si ngeni jijini: kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko chini ya mradi wa Ramani Huria. Mwanafunzi wetu anatumia picha zilizopigwa na ndege ndogo isiyo na rubani, ambamo kila kitone cha picha, yaani pikseli, huwakilisha sentimita 5 za ardhi.

Kioo cha kompyuta mpakato yake kina pikseli 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo. Pikseli moja ya picha ikikaa juu ya pikseli moja ya kioo, yeye huona eneo la mita 68 kwa 38 tu, na mfereji humkatikia kabla hajajua unakoelekea. Skrini ya pikseli 3,840 kwa 2,160 ingemwonyesha mita 192 kwa 108, eneo kubwa karibu mara nane. Kwa hiyo anadunduliza fedha kwa miezi kadhaa, kisha anakwenda Kariakoo.

Afikapo nyumbani anaunganisha skrini yake kwa waya wa HDMI. Picha inatokea, lakini ina ukungu. Anabadilisha mpangilio, ukungu unaondoka, ila sasa mshale unarukaruka. Stakabadhi mkononi inasema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Je, ameuziwa skrini mbovu? La hasha. Kuna sababu mbili, na zote mbili ziko nje ya skrini.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa kompyuta. Mara nyingi kompyuta inapoona skrini ya pili huirudia picha ya kioo chake yenyewe, kama mtu na kivuli chake. Pikseli 1,366 kwa 768 hutandazwa juu ya nafasi zaidi ya milioni nane, na lazima herufi zififie. Dawa yake haigharimu senti moja. Katika kompyuta zenye mfumo wa Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, akachagua skrini ya pili iwe nyongeza ya ile ya kwanza, kisha akaingia katika mipangilio na kuchagua pikseli 3,840 kwa 2,160. Herufi zikiwa ndogo mno, hukuzwa papo hapo kufikia asilimia 150 bila kupoteza ukali wake.

Sababu ya pili yahitaji hesabu kidogo. Pikseli 3,840 zikizidishwa kwa 2,160 ni 8,294,400. Kila pikseli huhitaji biti 24, yaani biti 8 kwa kila moja ya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Picha moja basi ni biti milioni 199. Ili mshale uteleze vizuri machoni, skrini huonyesha picha 60 kila sekunde. Jumla yake ni biti bilioni 11.9 kwa sekunde.

Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililotangazwa mwaka 2009, hupitisha biti bilioni 10.2 kwa sekunde. Hata hizo si picha tupu, kwani katika kila biti 10 ni 8 tu zilizobeba picha. Zinabaki bilioni 8.16. Mzigo umeizidi njia. Kompyuta hupunguza idadi ya picha hadi 30 kwa sekunde, na hapo ndipo mshale unapoanza kurukaruka. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hupitisha bilioni 18, ambazo 14.4 ni za picha. Huko mzigo hupita bila taabu.

Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua kanuni hii. Shehena hutoka bandarini kwa lori, lakini ikifika Mtaa wa Kongo uliosongamana watu, huingia kwa mkokoteni au kichwani. Upana wa barabara ya nyuma hausaidii kitu. Vivyo hivyo tundu la kompyuta, waya, adapta na tundu la skrini: kilicho chembamba kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Tundu la USB-C, lililoanza mwaka 2014, lina mtego wake. Umbo lake ni moja kila mahali, lakini uwezo hutofautiana: baadhi huchukua umeme na mafaili tu, baadhi hupeleka picha pia. Alama ya DisplayPort au ya radi yenye mshale kando ya tundu ni dalili njema, ingawa kitabu cha kompyuta ndicho shahidi wa kuaminika zaidi. Ushauri mkubwa kwa mnunuzi ni huu: aende dukani na kompyuta yake na waya wake, aiwashe skrini palepale, na ahakikishe kwamba mipangilio inasoma pikseli 3,840 kwa 2,160 na hezi 60, kabla ya kutoa fedha.

Mwanafunzi wetu alikuwa na bahati. Kompyuta yake ilikuwa na tundu la USB-C lenye alama ya DisplayPort, na waya mmoja mpya ukamaliza shida. Ukingo wa mfereji ukaonekana wazi, pamoja na kuta za nyumba zilizojengwa juu yake.

Linabaki zoezi la darasani. Skrini ya bei nafuu zaidi ina pikseli 2,560 kwa 1,440, nayo huonyesha picha 60 kwa sekunde. Je, mzigo wake ungepita katika lile tundu la zamani la HDMI? Atakayepiga hesabu hiyo atajua kama mwanafunzi wetu alihitaji kweli kudunduliza miezi yote ile.