Mama wa Katonga na menyu ya "Kutoa Pesa"

Wanachuo wengi tukisikia neno dizaini tunawaza rangi, nembo na mabango ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Kwa hiyo wenzetu wa kompyuta wakisema wanasoma ubunifu wa kiolesura na uzoefu wa mtumiaji, sisi wa ualimu tunaona hayatuhusu. Mimi naona yanatuhusu sana. Kiolesura ni ile sehemu ya chombo ambayo mtu anaiona, anaigusa na kujibizana nayo: kioo cha simu, vitufe, maneno ya menyu. Uzoefu wa mtumiaji ni safari nzima, tangu anapotaka kufanya jambo mpaka linakamilika, pamoja na hofu na hasira za njiani.

Mfano upo kwetu Ujiji, pale mwalo wa Katonga. Mitumbwi ikirudi asubuhi, biashara inakwenda mbio, maana dagaa wabichi hawasubiri. Mnunuzi anataka kulipa kwa simu. Mama anayeuza ana kitochi, mikono ina maji na magamba, jua linapiga kwenye kioo, kelele pande zote. Mazingira ndiyo hayo.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Mitandao mingine ikafuata, na mpaka leo njia inayofanya kazi kwenye kila simu ni ile ya nyota, namba na reli. Njia hiyo ina mipaka yake. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, tukihesabu na nafasi, na ukichelewa kujibu menyu inakatika, unaanza upya. Kwenye kitochi, kioo kinaonyesha mistari michache tu. Chaguo la sita na la saba yako chini, na asiyejua kushusha anaamini hayapo.

Mwaka 1988 Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu dizaini ya vitu vya kila siku. Hoja yake kubwa ni hii: watu wengi wakikosea mahali palepale, kakague chombo kabla hujawalaumu watu. Mlango unaovutwa ukiwa na umbo la kusukumwa, utasukumwa tu. Sisi huku tunasema "wazee hawajui simu", basi yameisha.

Hebu tazama neno lenyewe, kutoa. Kwenye menyu, "kutoa pesa" maana yake ni kuchukua hela taslimu kwa wakala. Lakini katika Kiswahili cha sokoni, kutoa hela ni kumpa mtu mwingine. Unatoa sadaka, unatoa mchango wa harusi, unatoa rushwa (samahani). Mama anayetaka kumlipa mwenye mtumbwi anaona "kutuma" na "kutoa", na kwa lugha yake la pili ndilo linalofaa. Hajakosea Kiswahili hata kidogo. Wabunifu wanalo kanuni la zamani, limo kwenye orodha ya Jakob Nielsen ya mwaka 1994: chombo kiseme lugha ya mtumiaji. Wengi wetu tunadhani kanuni hiyo imetimia pale Kiingereza kinapotafsiriwa. Bado.

Kanuni nyingine ni kwamba chombo kionyeshe hali yake. Kisado cha dagaa kinafanya hivyo vizuri: muuzaji na mnunuzi wanakitazama pamoja, kimejaa au hakijajaa, hakuna ubishi. Ujumbe wa malipo, kinyume chake, mara nyingi huanza na msururu wa herufi na tarakimu za kumbukumbu, halafu ndipo kiasi. Anayesoma polepole anachoka kabla ya kufika kwenye hela yake. Na muda ukiandikwa 5:30 PM, mama anajua saa kumi na moja na nusu. Hiyo tano inatoka wapi?

Kuna jina la mpokeaji pia, ambalo menyu nyingi huonyesha kabla ya kukamilisha malipo. Wazo zuri kweli. Lakini mwaloni kila mtu ni Mama Fulani au Baba Fulani. Jina la kwenye kitambulisho halijulikani hata kwa jirani. Tena kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au ndugu. Likitokea jina geni, mtumaji anabonyeza moja kukubali, kwa sababu majina yote huwa mageni. Ulinzi upo kwenye kioo, na tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anapita katikati yake.

Mwisho wake mama anampa kijana simu pamoja na namba ya siri. Nawajua wanawake ambao namba yao ya siri inajulikana na watu watatu. Mtaji wa msimu mzima unakaa hapo.

Kupima haya hakuhitaji maabara. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi ya kiolesura. Chora kila ukurasa wa menyu kwenye karatasi ya kaunta buku, mpe mtu kazi ("mlipe mwenye mtumbwi"), mwambie aseme kwa sauti anachofikiria, wewe nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwetu walimu. Usitumie simu halisi wala namba ya siri halisi.

Likizo iliyopita nilifanya hivyo na mama mdogo. Karatasi ya kwanza alienda moja kwa moja kwenye "kutoa". Ya pili niliandika "Mtumie mtu pesa" na "Chukua taslimu kwa wakala", hakusita. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma. "Mwanangu, nikikosea, pa kurudishia ni wapi?"

Kwa kawaida jibu ni kupiga simu huduma kwa wateja, haraka, kabla aliyepokea hajazichukua. Kenya, Safaricom waliweka kitu kinaitwa Hakikisha: jina la mpokeaji linatokea na mtumaji anapata sekunde chache za kusitisha. Nilimweleza. Akauliza sekunde ngapi, nikamwambia hazifiki hata dakika moja. Akatazama mikono yake, akasema aongezewe.