Kinasi Isiyozimika: Chanzo cha Lukemia Sugu ya Mieloidi

Mgonjwa wa Kilolo anayefika zahanati akiwa na uchovu, jasho la usiku, kupungua uzito na uvimbe chini ya mbavu za kushoto anaweza kudhaniwa kuwa na malaria ya muda mrefu. Hata hivyo, bandama huvimba kwa sababu nyingi, na mojawapo ni saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi.

Kinasi ni protini inayopeleka amri ndani ya seli kwa kuchukua fosfeti kutoka molekuli ya ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Seli yenye afya huiwasha inapotakiwa kugawanyika, kisha huizima. Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Jeni ya ABL1 huungana na jeni ya BCR, na muungano huo huzalisha kinasi isiyozimika. Seli nyeupe za damu huongezeka bila kikomo. Kromosomu ya 22 iliyofupika iligunduliwa Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kuwa ufupi huo hutokana na mabadilishano hayo.

Kasoro hii huanzia katika seli moja ya uboho baada ya mtu kuzaliwa. Hairithiwi, haiambukizi, wala haitokani na kurogwa.

Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukaa katika nafasi ya ATP na kuinyima kinasi uwezo wa kufanya kazi. Nchini Tanzania, wagonjwa wameipata kupitia mpango wa msaada katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Dawa hii huinyamazisha kinasi. Aghalabu haiziondoi seli zote zenye kasoro. Hivyo, mgonjwa aliyepata nafuu asiiache bila ushauri wa daktari, hata bandama ikinywea. Imezwe pamoja na chakula na maji mengi. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza kiwango chake katika damu, kwa hiyo mgonjwa ataje dawa zote anazotumia. Mwanamke anayetarajia ujauzito azungumze na daktari mapema.

Mhudumu wa afya akikuta bandama kubwa, aagize hesabu kamili ya chembe za damu. Seli nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi bila sababu ya wazi, ampe mgonjwa rufaa ili apimwe BCR-ABL.