Kwa Nini Tawi la Mbuni Halisimami

Mtu akikata tawi la pembeni la mbuni, lile linalotandaa na kuzaa kahawa, akaliotesha kitaluni mpaka likashika mizizi, atapata mche ulio hai kabisa. Utatoa majani, utachanua, hata punje chache utazaa. Kitu kimoja tu hautafanya: kusimama. Utatambaa chini kwa chini miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kwenye mbuni tawi hubaki tawi.

Katika miinuko ya Tarime mkoani Mara, Susuni ikiwemo, ambako kahawa ya arabika na migomba hushirikiana shamba moja, jambo hilo lina uzito wa fedha. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao Lyamungu, Kilimanjaro, na kituo kidogo Sirari, imekuwa ikitoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani tangu 2005. Sehemu kubwa ya miche hiyo hutokana na vikonyo, na vikonyo hukatwa kwenye machipukizi yaliyosimama wima peke yake. Wakulima huyaita maotea.

Tofauti ya tawi na otea huanzia kwapani mwa jani. Nchani mwa kila shina kuna kifundo cha seli changa kisichofika hata milimita moja, na seli hizo hujigawa bila kukoma. Pembeni mwake huchomoza majani, na kila jani linapotokea huacha jicho kwapani. Mimea mingi huacha jicho moja. Mbuni huacha kadhaa, yamepangana juu na chini. La juu kabisa ndilo hutoa tawi la kuzaa, nalo hutoa mara moja tu: likivunjika, pale shinani hapatatokea tawi jingine la namna ile. Ya chini hulala, pengine miaka mingi, na yakiamka hutoa maotea. Ndiyo maana mtu anayepogolea kwa pupa hulipa hasara ambayo mbolea haiwezi kuirudisha.

Nani anayalaza macho hayo? Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kwamba chipukizi la nyasi huinama kuelekea mwanga kwa amri itokayo nchani. Wakiifunika ncha, haliinami. Baadaye, katika miaka ya 1920, Mholanzi Frits Went aliikusanya homoni inayobeba amri hiyo, ambayo leo huitwa oksini. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog waliipaka kwenye shina la bakla lililokatwa kilele, na macho ya chini yakaendelea kulala kana kwamba kilele bado kipo.

Hapo somo lingeweza kuishia, na vitabu vingi vya shule huishia hapo. Lakini mwaka 2014 watafiti nchini Australia waliopima mimea ya njegere waliona kwamba kilele kikikatwa, macho ya chini huanza kukua kabla upungufu wa oksini haujayafikia. Kinachowahi ni sukari. Kilele kilikuwa kikiivuta kwa wingi. Kikiondoka, sukari hubakia kwa wengine.

Kuna na sauti ya tatu, nayo hutoka mizizini. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba homoni iitwayo strigolaktoni huzuia macho yasichipue. Jina hilo limetokana na Striga, yaani kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi na mtama katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mmea wenye njaa ya fosforasi huimwaga kemikali hii udongoni ili kuita kuvu wanaousaidia kupata madini hayo. Mbegu za kiduha, zinazoweza kulala ardhini miaka mingi, huinusa na kuamka. Kwa hiyo udongo uliochoka huumiza mara mbili: mmea hubana machipukizi yake, na papo hapo humwita adui.

Mgomba uliosimama kando ya mbuni una siasa nyingine kabisa. Kinachoitwa shina lake ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina la kweli limejificha kwenye tunguu ardhini, na ncha yake, baada ya kutoa majani thelathini au arobaini, hugeuka kuwa ua na kupanda katikati mpaka mkungu uchomoze juu. Ncha ikishageuka ua haina cha kuendeleza. Mgomba ule umemaliza kazi. Bwana shamba anaposisitiza pabaki mgomba mama, mtoto na mjukuu, anapanga zamu za ncha.

Ncha ya mbuni haigeuki ua. Maua hutoka makwapani mwa matawi ya pembeni, hasa sehemu iliyokua msimu uliotangulia. Vitumba vyake hulala wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha hupasuka vyeupe baada ya siku kumi hivi, na punje za arabika huiva miezi saba hadi tisa baadaye. Pingili iliyokwisha kuzaa haitegemewi tena. Kila mwaka mavuno husogea kidogo kuelekea ncha ya tawi, mpaka mbuni mzee unabaki na fito tupu katikati na kahawa chache pembezoni.

Dawa yake ni msumeno. Shina hukatwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke, sentimita thelathini hadi arobaini na tano kutoka ardhini, na macho yaliyolala huamka kwa wingi. Huachwa maotea mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotoka pande tofauti za kisiki, mengine yote yang'olewe. Kahawa hurudi baada ya miaka miwili hivi, muda mrefu kwa familia inayotegemea mauzo yake, ndiyo sababu ni busara kukata sehemu ya shamba tu kila mwaka.