Maji moto, ngozi na sufuria: Ujuzi wa kale unaoweza kukupa kazi Busia na Malaba

Ukisimama kando ya barabara pale Malaba, utahesabu malori mpaka uchoke. Kila dereva ana simu, ana kisu cha kukatia mkate, ana rundo la stakabadhi za mzigo. Geuka uangalie vijana wa bodaboda: simu iko mfukoni, inarukaruka kwa kila shimo. Wote hawa wanahitaji kitu kigumu cha kuhifadhia vitu vyao, na wengi huishia na vifuko vya ngozi bandia vinavyoanza kuchunika mapema.

Hapo kuna kazi, na si lazima uwe na mashine. Unahitaji ngozi, kisu kikali, jiko, sufuria na maji. Lakini kuna kosa moja linaloweza kumeza mtaji wako siku ya kwanza: kununua ngozi isiyofaa. Kwa hivyo twende polepole.

Kwa nini ngozi inakuwa ngumu?

Ngozi imejengwa kwa nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Unaijua hata kama jina ni geni: ndiyo inayofanya supu ya miguu ya ng'ombe inate midomoni. Nyuzi hizo zikipata joto la kutosha hujikunja na kukaribiana, jinsi nyama inavyojikunja ikiingia kwenye sufuria, na sehemu ndogo yake hulainika na kunata kama gundi. Wakati huo ngozi inalegea na kukubali umbo unaloipa. Ikikauka, umbo linabaki.

Ulaya ya enzi za kati ilitumia ujuzi huu kutengeneza mitungi, ala za visu na hata mavazi ya vita. Mwanamfalme Edward wa Uingereza alifariki 1376, na sanamu ya simba iliyofinyangwa kwa ngozi kwa ajili ya kofia yake ya vita bado imehifadhiwa Canterbury. Hiyo ni zaidi ya miaka 600.

Ngozi gani ununue?

Hapa ndipo wengi huchomeka. Kuna njia mbili kuu za kusindika ngozi. Ya kale hutumia magome ya miti, kama mwati unaopandwa nyanda za juu za Kenya. Ya pili hutumia chumvi za madini ya kromi. Augustus Schultz wa New York aliipatia hataza 1884, na viwanda vikaipenda kwa sababu inamaliza haraka kazi ambayo magome huchukua wiki nyingi.

Shida ni kwamba ngozi ya kromi inavumilia maji moto. Itoe kwenye sufuria, ikaushe, bado ni laini. Ni nzuri kwa sehemu ya juu ya kiatu, ila kwa kazi hii haikusaidii. Na ndiyo imejaa sokoni.

Usikubali maneno ya muuzaji tu. Angalia ukingo uliokatwa: ngozi ya kromi mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati katikati, ya magome huwa ya kahawia. Kisha omba kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ukitupe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Kikijikunja na kusinyaa, hiyo ndiyo ngozi yako. Kikibaki vile kilivyo, rudisha pesa mfukoni.

Na ile ngozi mbichi ya kichinjioni? Achana nayo kwa kazi hii. Ikikauka huwa ngumu, sawa, lakini ikinyeshewa inalegea tena na kuanza kunuka.

Jinsi ya kufanya

Usichemshe ngozi. Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 96. Hilo ni joto kali mno: ngozi husinyaa vibaya na ikikauka inavunjika kama biskuti. Unataka karibu nyuzi 80. Huna kipimajoto? Changanya vikombe vinne vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya mfereji. Utakuwa karibu kabisa.

Kwanza loweka ngozi kwenye maji baridi mpaka iache kutoa mapovu. Kisha izamishe kwenye yale maji moto, ukihesabu sekunde 20 hadi 30. Itoe kwa koleo, si kwa vidole. Ivalishe haraka kwenye kibao ulichochonga kwa umbo la simu, kikiwa kikubwa kidogo kuliko simu yenyewe, ubane pembeni kwa vibanio vya nguo. Toboa matundu ya kushonea ikiwa bado ina unyevu, kwa sababu ikishakauka utavunja sindano. Ianike kivulini. Mwishowe ipake nta ya nyuki iliyopashwa moto ili mvua isiipenye.

Kabla ya kukata ngozi yote, jaribu na ukanda wa sentimita 10. Ukikauka ukiwa na sentimita 8, ujue unapoteza sehemu moja kwa tano kwa urefu. Ili kufidia, ongeza robo ya urefu unaotaka kwenye kila kipande. Fundi asiyepima huwa anatengeneza vifuko visivyoingia simu.

Soko na mpaka

Mafunzo yapo. Thika kuna kituo cha serikali cha mafunzo na uzalishaji wa viatu, na Nairobi soko la Kariokor limejulikana miaka mingi kwa mafundi wa ngozi. Lakini huhitaji kusafiri zaidi ya kilomita 400 ili kuanza. Fundi viatu wa mtaani kwako anajua kushona. Mwombe akufundishe hilo, nawe umwonyeshe hili la maji moto.

Ukitaka kuuza upande wa Uganda, usipitie vichochoroni. Chini ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa hazitozwi ushuru wa forodha ikiwa thamani ya mzigo haizidi dola 2,000. Utajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani. Uliza kwanza kama bidhaa yako imo kwenye orodha.

Anza na futi moja mraba ya ngozi. Ukiharibu, hasara ni ndogo. Ukifaulu, mpe dereva mmoja au kijana mmoja wa bodaboda atumie mwezi mzima, halafu umuulize kimechakaa wapi. Jibu lake litakuonyesha cha kurekebisha kabla hujanunua ngozi ya pili.