Perl ikikosea jumla ya duka lako: mambo ya kukagua kwenye Windows

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi limehamia kwenye kompyuta, lakini methali hiyo haijazeeka. Daftari la kompyuta likijumlisha vibaya, mali huisha vile vile, tena mwenyewe akidhani mambo ni shwari.

Miongoni mwa zana zinazotumika kujumlisha orodha za mauzo na madeni ni Perl, lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1987. Ni ya bure, na sifa yake kubwa ni kusoma mafaili ya maandishi mstari kwa mstari na kuyachambua. Hata hivyo, Perl ilikulia katika mazingira ya Unix, na Windows haiji nayo. Mwenye Windows huiweka mwenyewe, kwa mfano kwa kutumia kifurushi cha bure kiitwacho Strawberry Perl. Hapo ndipo matatizo huanza.

Kompyuta haiitambui Perl

Tatizo la kwanza ni ujumbe huu: 'perl' is not recognized. Maana yake Windows haijui Perl imewekwa wapi. Funga dirisha la amri, fungua jingine jipya, kisha andika perl -v. Ikiwa ujumbe ni ule ule, kagua orodha ya njia iitwayo PATH kwenye mipangilio ya Windows, uone kama folda ya Perl imo.

Tatizo la pili ni dirisha jeusi linalofunguka na kufungika kabla hujasoma kitu. Skripti imefika mwisho, au imekwama, na dirisha limeondoka na maelezo yake. Usiibonyeze skripti mara mbili kwa mausi. Fungua dirisha la amri, ingia kwenye folda yako kwa amri ya cd, kisha andika perl hesabu.pl. Maelezo yatabaki mbele yako. Anza na kosa la kwanza kwenye orodha, kwani mengine mara nyingi ni watoto wake.

Ukiambiwa faili halipo na wewe unaliona, huenda Notepad imeliita hesabu.pl.txt na Windows ikaficha herufi za mwisho. Iamuru Windows ionyeshe majina kamili ya mafaili.

Mshazari unaopoteza njia

Windows huandika njia ya faili kwa mshazari unaolalia nyuma, kama vile "C:\biashara\nauli.txt". Ndani ya alama mbili za kunukuu, Perl husoma \b kama kurudi nyuma herufi moja na \n kama mstari mpya. Faili halitapatikana kamwe. Tumia mshazari wa kawaida, nao Windows huuelewa, na uiamuru skripti isimame ikishindwa:

open(my $f, '<', 'C:/biashara/nauli.txt') or die "Faili halifunguki: $!";

Bila maneno hayo ya or die, skripti huendelea bila faili na kukuletea jumla ya sifuri, kana kwamba hukuuza kitu.

Mkato wa Tanzania, nukta ya Burundi

Kosa la hatari zaidi ni lile lisilopiga kelele. Aliyesoma Tanzania huandika shilingi 1,250,000 kwa mkato. Aliyesoma Burundi kwa utaratibu wa Kifaransa huweza kuandika faranga 1.250.000 kwa nukta, au 1 250 000 kwa nafasi, na mkato kwake ni wa kutenga senti. Katika biashara za mpakani, na katika familia zilizorejea kutoka ukimbizini, mikono hii miwili huandika katika daftari moja.

Perl husoma namba kutoka kushoto na huacha pale inapokutana na alama isiyoielewa. Kwake, 1,250,000 ni 1. Chukua mauzo matatu: 1,250,000, kisha 800,000, kisha 45,000. Jumla halali ni 2,095,000. Perl itakuletea 846.

Kinga ya kwanza ni kuandika mistari hii miwili juu ya kila skripti:

use strict;
use warnings;

Hapo Perl itakuonya kwamba "1,250,000" si namba. Lakini usijiachie. Ukiandika 45.000 kwa nukta, Perl huiona ni namba nzuri kabisa, yaani 45, na haitakuonya hata kidogo. Ndiyo maana ni lazima kusafisha namba kabla ya kujumlisha:

$bei =~ s/[^0-9]//g;

Amri hii hufuta kila kisicho tarakimu, na inafaa kwa shilingi na faranga zisizo na senti. Usiitumie kwa dola zenye senti, kwa sababu 12.50 itageuka 1250. Wala usiitumie kwa madeni yaliyoandikwa kwa alama ya kutoa, kwa sababu alama hiyo itafutwa na deni litahesabiwa kama mapato.

Angalia pia faili linalotoka kwenye Excel. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa huweza kutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato. Skripti inayokata mstari penye mkato haitakata mahali panapotakiwa. Lifungue faili kwa Notepad kwanza, uone kinachotenganisha safu, ndipo uandike skripti yako.

Jaribu kwa mistari mitatu

Kabla ya kuikabidhi Perl hesabu za mwezi mzima, ipe mistari mitatu tu. Mmoja uwe na mkato, mmoja nukta, mmoja nafasi. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu au kikokotoo, kisha linganisha. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana, hata kwa faranga moja, usilipe mtu wala usimdai mtu kwa hesabu hiyo mpaka umejua tofauti imetoka wapi. Na daftari la karatasi lisitupwe, maana ndilo shahidi wako pale kompyuta na mteja watakapotofautiana.