Dhahabu ya Tarime, Makaa ya Ngaka na Ghala la Hewa ya Ukaa

Miamba ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, inajulikana kwa dhahabu yake. Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Makaa ya mawe, hata hivyo, hayamo katika miamba hiyo, na sababu ni umri wake. Iliumbika zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, ilhali mimea ya nchi kavu haikutokea duniani hadi miaka isiyozidi milioni 500 iliyopita. Pasipo mimea hapana makaa.

Makaa ya Tanzania yako kusini, kama vile Kiwira, Mchuchuma na Ngaka. Hayo ni mabaki ya mimea iliyozikwa mabondeni yapata miaka milioni 250 hadi 300 iliyopita. Tofauti hii ina uzito katika swali la leo: je, kaboni dioksidi, yaani hewa ya ukaa itokayo viwandani, yaweza kuhifadhiwa katika matabaka ya makaa?

Makaa yana vitundu vidogo mno. Juu ya kuta za vitundu hivyo zimenata molekuli za methani, gesi iliyofanyika wakati mimea ilipokuwa ikigeuka makaa. Kaboni dioksidi hunata kwa nguvu zaidi. Ikisukumwa chini kwa kisima, hutwaa nafasi ya methani, nayo methani hupanda juu kwa kisima kingine na kutumika kama nishati.

Tufanye hesabu. Kwa kawaida makaa hupokea takribani molekuli mbili za kaboni dioksidi kwa kila molekuli moja ya methani inayotoka. Methani hiyo ikichomwa:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Zimeingia mbili, imerudi hewani moja. Faida ni moja tu, nayo hupunguzwa na nishati ya kuendeshea pampu. Methani ikivuja bila kuchomwa, faida yaweza kugeuka hasara, kwani katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi.

Njia hii ilijaribiwa New Mexico, Marekani, kuanzia 1995 hadi 2001, na baadaye nchini Poland, ambako usukumaji ulianza mwaka 2004. Majaribio hayo yalidhihirisha kikwazo kikubwa: makaa yakipokea kaboni dioksidi huvimba, nyufa zake zikabana, na gesi ikapita kwa shida.

Liko na jambo la kuamuliwa na wananchi. Tabaka lililofanywa ghala halipaswi kuchimbwa tena, kwa maana kulichimba ni kuifungulia gesi iliyofungwa. Kwa hiyo yafaa tu matabaka yaliyo chini mno kwa wachimbaji. Kabla ya kisima cha kwanza kutobolewa kusini, taifa litapaswa kuchagua: makaa yale ni kuni za kesho, au ni ghala la kudumu? Hayawezi kuwa yote mawili.