Shule-sumaku na Mafunzo ya Kuzamishwa katika Lugha: Kura, Haki na Insafu

Katika khabari za elimu ya Marekani yako maneno mawili ambayo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuyatafakari kabla hajayaandika. La kwanza ni jina la shule za umma ambazo hazichukui watoto wa mtaa wao tu, bali huwavuta wa mbali kwa ajili ya somo au mafunzo ya namna ya pekee. Wenyewe huzifananisha na sumaku, nasi tutaziita shule-sumaku. La pili ni jina la mafunzo ambamo lugha ngeni haifundishwi kama somo moja kati ya masomo, bali hesabu, jiografia na mengineyo hufundishwa kwa lugha hiyo. Jina hili latokana na kitendo cha kutia kitu majini hata kikafunikwa. Vitenzi vya Kiswahili vya maana hii si haba: kuchovya, kutosa, kuroweka, kuzamisha. Lakini kinachochovywa hutolewa mara moja. Kinachotoswa huachwa kipotee. Na kinachorowekwa hukaa kimya mpaka kilainike. Tumechagua kuzamisha, ingawa neno hilo lina harufu ya hatari, kwa sababu mtoto hutarajiwa kuzama na kuibuka akiwa msemaji.

Kusudi la makala haya si istilahi peke yake. Shule hizi aghalabu zina nafasi chache kuliko waombaji, nazo huendeshwa kwa kodi ya watu wote. Basi swali hujileta lenyewe: nani apewe nafasi, na kwa kanuni gani, hata yule aliyekosa aweze kukiri kwamba hakudhulumiwa?

Yatupasa kwanza kutazama asili ya jambo. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kuvunja Katiba. Lakini watoto wengi walipelekwa shule za mitaa yao, na mitaa yenyewe ilikuwa imetengwa. Amri za mahakama za kuwasafirisha watoto kwa mabasi kutoka mtaa hata mtaa zilizusha upinzani mkali. Ndipo ikatafutwa njia ya kuvuta badala ya kusukuma, yaani kuweka katika mtaa wa watu weusi shule nzuri mno hata wazazi weupe wapeleke watoto wao kwa hiari. Shule ya McCarver, katika mji wa Tacoma, iliyofunguliwa kwa mpango huo mwaka 1968, ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza. Kwa hiyo shule-sumaku haikubuniwa iwe zawadi kwa wenye akili. Ilibuniwa iwe dawa ya utengano.

Mafunzo ya kuzamishwa yana asili nyingine. Mwaka 1963 shule ya Coral Way, mjini Miami, ilianza kuwafundisha pamoja watoto wa wakimbizi wa Kuba na watoto wa wasemaji wa Kiingereza, kwa Kihispania na Kiingereza. Mwaka 1965, huko St. Lambert karibu na Montreal nchini Kanada, wazazi wasemao Kiingereza walipata darasa la kuwafundisha watoto wao kwa Kifaransa tangu mwanzo. Mwaka 1971 mji wa Culver City, California, ukafuata mfano huo kwa Kihispania. Baadaye njia mbili hizi zilikutana, kwa kuwa miji mingi ilitumia mafunzo ya lugha kama sumaku ya kuvutia watoto wa rangi mbalimbali.

Tukija kwenye kugawa nafasi, kanuni zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni foleni: aliyetangulia kuandikishwa ndiye apataye. Kanuni hii yaonekana nyofu, lakini humpendelea mzazi ambaye kazi yake humruhusu kusimama mlangoni tangu alfajiri. Ya pili ni mtihani. Huu waweza kuwa na hoja kwa kijana wa miaka 14. Lakini mafunzo ya kuzamishwa huanza kwa mtoto wa miaka 5, na kumpima mtoto wa umri huo ni kuipima nyumba yake zaidi kuliko kumpima yeye. Ya tatu ni kura. Kura haimjui tajiri wala maskini, na kwa sababu hiyo wilaya nyingi zimeichagua.

Hata hivyo kura si nyepesi kama inavyodhaniwa. Kabla haijapigwa, aghalabu hutengwa nafasi za ndugu wa watoto waliokwisha ingia, kisha za wakaao jirani na shule. Tuchukue mfano wa kubuni: shule ina nafasi 48, ndugu wakichukua 20 na majirani 12, zimebaki 16 za kupigiwa kura. Upendeleo wa ndugu una sababu njema, maana ni taabu kumpeleka mtoto mmoja mashariki na mwingine magharibi. Lakini matokeo yake ni kwamba bahati ya nyumba moja hurithiwa, na bahati mbaya ya nyumba nyingine hurithiwa vilevile.

Hata namna ya kupanga maombi yaweza kuwa na mtego. Mjini Boston, hadi mwaka 2005, mtoto aliyekosa shule aliyoitaja kwanza aliweza kukuta ile aliyoitaja ya pili imekwisha jazwa na walioitaja ya kwanza. Mzazi mjuzi alijifunza kuficha shule aipendayo na kutaja ile atakayoipata; asiyejua alisema kweli, akaadhibiwa kwa ukweli wake. Mwaka huo Boston iliiacha njia hiyo, ikachukua nyingine iliyotokana na kazi ya wanahisabati Gale na Shapley ya mwaka 1962, ambayo ndani yake kusema kweli hakumdhuru mtu. Hapa insafu ilipatikana pasipo kuongeza hata kiti kimoja.

Kwa mintarafu ya sheria, mambo yamebadilika sana. Zamani wilaya ziliweza kumtazama mtoto rangi yake ili shule isielemee upande mmoja. Mwaka 1999, katika shauri la wilaya ya Montgomery, Maryland, mahakama ya rufani iliamua kwamba haikuwa halali kumnyima mtoto uhamisho wa kwenda shule-sumaku kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilitangua mipango ya Seattle na Louisville ya kuwagawa watoto mmoja mmoja kwa rangi. Ila Jaji Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, alikiri kwamba wilaya zaweza kutafuta mchanganyiko kwa njia nyingine, kama kuchagua mahali pa kujenga shule. Ikawa kitendawili: shule zilizobuniwa kuondoa utengano wa rangi zimekatazwa kumhesabu mtoto kwa rangi.

Chicago ilijibu kwa namna yake. Amri ya mahakama iliyoiongoza tangu mwaka 1980 ilipokoma mwaka 2009, wilaya ilizigawa sehemu za mji katika madaraja manne, kwa kutazama mapato, elimu ya watu wazima, umiliki wa nyumba na mengineyo, pamoja na lugha isiyo Kiingereza isemwayo nyumbani. Kwa njia hii makao ya mtoto yalitazamwa badala ya ngozi yake.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo mwanafunzi wa lugha ndiye khasa apaswaye kulisema. Katika mafunzo ya pande mbili, yaani yale yanayokusanya watoto wa lugha mbili wafundishane, ni desturi kila kundi lisipungue theluthi moja ya darasa. Kwa hiyo hupigwa kura mbili, moja kwa kila kundi. Baadhi ya watu huona huu ni upendeleo. Lakini mtoto asemaye Kihispania haingii kwa kuhurumiwa. Yeye ni sehemu ya mafunzo yenyewe, kama Waswahili wasemavyo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila yeye, wenzake wana mwalimu mmoja tu wa kumwiga.

Na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1997 mtaalamu Guadalupe Valdés alionya kwamba mafunzo haya yaweza kumnufaisha zaidi mtoto wa Kiingereza, ambaye husifiwa kwa kila neno la Kihispania alitamkalo, na mwenzake akajifunza Kiingereza pasipo kusifiwa na mtu. Mwaka uliofuata wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyobana mafunzo kwa lugha ya nyumbani kwa watoto wasiojua Kiingereza. Haikuondolewa mpaka kura ya mwaka 2016. Hivyo lugha moja ilihesabiwa pambo kwa mtoto huyu na kizuizi kwa yule.

Yako pia mambo madogo yafanyayo kazi kubwa. Tangazo likitolewa kwa Kiingereza tu, au pasipo basi la kuwachukua watoto, au siku ya mwisho ikapita kabla khabari haijafika mitaa ya maskini, kura yaweza kuwa safi kabisa, na dhuluma ikawa imekwisha tendeka kabla ya kupigwa. Nalo kosa la mwanzo ni gumu kurekebishwa, kwa kuwa mtoto asiyeingia akiwa na miaka 5 hawezi kwa urahisi kuingia akiwa na miaka 9, ambapo wenzake wanafanya hesabu kwa lugha asiyoijua.

Kiswahili chatusaidia kulipambanua jambo hili, kwa sababu kina maneno mawili yasiyo na maana moja. Usawa ni kuwapa wote kipimo kimoja; insafu ni kumtendea kila mtu kwa kadiri ya hali yake. Kura hutoa usawa kwa waliofika kisandukuni. Insafu huuliza ni nani hakufika, na kwa nini. Wilaya itakayojibu swali la pili ndiyo iwezayo kumtazama usoni mzazi aliyekosa na kumwambia: mwanao alishindwa na bahati, hakushindwa na sisi.